Safari ya Gari la Kambi Katika Nchi ya Milima Mwanzoni mwa Mvua

Somo hili linamhusu mtu anayekusudia kukodi gari la kambi na kusafiri na jamaa zake katika nchi ya milima wakati mvua za kwanza zinanyesha. Kwa jina la gari la kambi tunakusudia gari lililotengenezwa ili wasafiri waweze kulala ndani yake au juu yake. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini gari la namna hiyo mara nyingi huwa chumba kamili chenye kitanda, jiko na choo. Hapa kwetu lililozoeleka ni gari refu kwenda juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye hema linalokunjuliwa juu ya paa, jiko la gesi, tangi la maji na jokofu dogo. Zamani magari haya yalikodiwa na wageni kutoka ng'ambo. Siku hizi hata familia za hapa nchini huchanga fedha zao na kuyakodi, hasa mwezi wa Desemba shule zinapofungwa na watoto wanaporudi nyumbani.

Msafiri wa mwanzo wa mvua hupata faida na hubeba hasara. Bei za kukodi aghalabu hushuka baada ya msimu wa watalii wengi kupita, maeneo ya kambi hayana msongamano, na milima imevaa majani mabichi. Upande wa pili, barabara hufungwa bila taarifa ndefu, magari hukwama, na siku iliyopangwa kwa matembezi huishia kando ya daraja. Tunataka kumwonyesha msomaji kwamba swali la nani atalipia siku hiyo iliyopotea hujibiwa ofisini, siku ya kutia saini, na kwamba jibu lake linaweza kuokoa fedha na hata roho za watu.

1. Mahali tunapoanzia

Tumeichukua Issuna kuwa mfano wetu. Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma na Manyoni kwenda Singida na Mwanza. Toka Issuna hadi Singida mjini ni takribani kilomita 60, na hadi Manyoni ni kilomita 50 na ushei. Mtu akisimama hapo huona nchi ya tambarare yenye miamba na vichaka, akadhani kwamba milima haimhusu. Lakini kila njia kuu itokayo hapo humfikisha kwenye mteremko.

Akielekea kusini mashariki, atapita Manyoni na kushuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi tambarare za Bahi. Akielekea magharibi, atapita Singida na Iramba na kuushuka Mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui. Akielekea kaskazini mashariki, atapita Singida na kukutana na Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambao mji wa Katesh umekaa chini yake. Mbele ya Katesh iko Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa unaopanda kwenda Mbulu, kisha Babati, Minjingu, Makuyuni, Mto wa Mbu, na mlima wa kupanda kwenda Karatu na kingo za kreta ya Ngorongoro. Njia hii ya tatu ndiyo inayopendwa na wasafiri, nayo ndiyo tutakayoifuata katika somo hili.

2. Misimu miwili katika safari moja

Kosa la kwanza katika kupanga safari hii ni kuitazama mbingu ya nyumbani. Singida ni miongoni mwa mikoa ipatayo msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Manyara, Arusha na Kilimanjaro hupata misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo mkazi wa Issuna anaweza kuondoka kwake vumbi likiwa bado linatimka, akafika Katesh kilomita 125 mbele na kukuta ardhi imelowa kwa wiki kadhaa. Mvua ambayo kwake ni ya kwanza, kule ni ya mwisho wa vuli, nayo huangukia udongo usioweza tena kunywa maji.

Jambo la pili ni kwamba mlima huwa na mvua yake. Upepo wenye unyevu ukipanda mteremko hupoa, mawingu hukusanyika, na mvua hunyesha juu wakati barabara ya chini ni kavu. Maji hayo huteremka kwa makorongo na kufika barabarani baada ya saa kadhaa, pengine jua likiwa linawaka. Korongo kavu chini ya mlima si mahali pa kuegesha gari wala kukunjua hema, hata kama mchanga wake ni safi na kivuli chake ni kizuri.

Tarehe 3 Desemba 2023 taifa zima lilipata somo hilo kwa uchungu. Mvua kubwa ilisababisha maporomoko kutoka Mlima Hanang; tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, nyumba zilifukiwa, barabara ziliziba, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hatuutaji msiba huo ili kumtisha msafiri asiende Hanang. Tunautaja kwa sababu ulitokea katika wiki zile zile ambazo familia nyingi huzichagua kwa safari, na katika njia ile ile wanayopita.

Kabla ya kuondoka, na kila asubuhi njiani, msafiri asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mamlaka hiyo hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa zinazotazamia siku tano mbele, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ushauri wetu ni huu: penye angalizo, ondoka mapema na upunguze urefu wa mwendo wa siku hiyo, penye tahadhari, baki ulipo ikiwa mbele yako kuna mteremko au mto, penye tahadhari kubwa, usisafiri. Taarifa za barabara kuu na za mikoa huulizwa Wakala ya Barabara Tanzania, TANROADS, na za barabara za wilaya na vijiji huulizwa TARURA. Madereva wa mabasi na malori waliotoka upande uendako nao ni wa kuulizwa, kwa kuwa wamepita huko asubuhi hiyo hiyo.

3. Kupanga hatua na siku ya akiba

Kutoka Issuna hadi Minjingu kwa njia ya Singida, Katesh na Babati ni takribani kilomita 290, na hadi Karatu ni karibu kilomita 400. Basi au gari dogo laweza kuumaliza mwendo huo kwa siku moja. Gari la kambi lenye shehena lisipangiwe hivyo. Tunapendekeza mwendo usiozidi kilomita 200 kwa siku, na gari liwe limeegeshwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mvua za vuli hunyesha sana alasiri na jioni, hema la paani ni taabu kulikunjua gizani, na shimo lililojaa maji halitofautiani na dimbwi dogo kwa mwanga wa taa.

Barabara ya lami toka Singida hadi Babati na Minjingu isimpumbaze msafiri. Shida huanza pale anapoiacha lami. Barabara za kupanda kwenda Mbulu, za kuzunguka miguu ya Hanang na za kingo za Ngorongoro zina sehemu za changarawe na udongo. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa huteleza kama sabuni, na udongo mweusi wa mbugani hunasa tairi hadi ekseli. Kwa kila kituo kilichoko nje ya lami, andika kituo cha badala kilichoko kando ya lami, ili mvua ikikuzuia ujue pa kulala bila kubishana.

Mwisho wa mpango, ongeza siku moja isiyo na kazi. Hiyo tunaiita siku ya akiba. Ikiwa safari ni ya siku saba, kodi gari kwa siku nane. Wengi huiona siku hii kuwa fedha ya kutupa. Katika sehemu ya tano tutaonyesha kwa hesabu kwa nini sivyo.

4. Kulikagua gari kabla ya kulipokea

Gari likaguliwe mchana, likiwa kavu, na mwenye gari au mwakilishi wake akiwepo. Mambo yafuatayo yasipitwe.

Matairi. Tazama kashata za kila tairi, pamoja na tairi la akiba. Kisha usome tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la zamani laweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka kwenye mteremko kwa sababu mpira wake umekakamaa.

Breki na gia. Endesha gari likiwa na mzigo, kisha ulisimamishe mlimani kwa breki ya mkono. Mwambie mwenye gari akuonyeshe kwa vitendo namna ya kuingiza uvutaji wa magurudumu manne na gia nzito. Watu wengi hulipia uwezo huo na kukwama kwa kutojua kuuwasha.

Waipa, taa na betri. Waipa zilizokaushwa na jua la kiangazi hukwaruza kioo bila kufuta maji. Betri inayohudumia jokofu iwe mbali na ile ya kuwashia injini, la sivyo asubuhi ya baridi gari litakataa kuwaka.

Hema. Lifunguliwe lote na kumwagiwa ndoo ya maji. Tobo dogo halionekani mpaka usiku wa mvua, na godoro likilowa milimani halikauki safari nzima.

Vifaa. Pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujapita, sanduku la huduma ya kwanza, jeki, ubao wa kuwekea jeki kwenye tope, koleo, kamba ya kuvutia, na tochi.

Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 60 likijaa, pamoja na hema, mitungi, mizigo na watu watano, gari hulemewa, tena sehemu kubwa ya uzito ikiwa juu. Gari lenye uzito juu huyumba kwenye kona. Mizigo mizito iwekwe chini na katikati, kamwe isiwekwe paani.

Kila mchubuko, ufa wa kioo na kifaa kilichopungua kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano, na kipigwe picha. Fomu isainiwe na pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala.

5. Mkataba

Mkataba wa mdomo haufai kwa safari ya namna hii. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, uusome wote kabla ya kulipa, na usikubali kauli ya kwamba vifungu vya nyuma ni vya kawaida tu. Vifungu vitano ndivyo vinavyoleta migogoro.

Kwanza, kuchelewa. Mikataba mingine hutoza siku ya kuchelewa kwa bei maradufu, tena kwa kuanzia saa maalumu. Kifungu hiki kina madhara kuliko kinavyoonekana. Baba wa familia aliyefika kwenye mto uliofurika saa nane mchana, akijua kwamba saa kumi na mbili jioni ataanza kudaiwa maradufu, anasukumwa aingie majini. Kwa hiyo omba kifungu kisemacho kwamba barabara ikifungwa na mamlaka, au ikiwa haipitiki kwa mafuriko au maporomoko, siku za kungoja zitalipwa kwa bei ya kawaida bila adhabu. Mwenye gari mwenye busara hukubali, maana gari lake nalo liko salama likiwa limeegeshwa.

Tuchukue mfano, tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Gari linakodishwa kwa shilingi 250,000 kwa siku. Familia ya kwanza inakodi kwa siku saba, kwa shilingi 1,750,000, na mkataba wao unatoza siku ya kuchelewa maradufu. Familia ya pili inakodi kwa siku nane, kwa shilingi 2,000,000, na imekubaliana kwamba ikirudisha gari siku moja mapema itarejeshewa nusu ya bei ya siku hiyo. Mvua ikifunga barabara kwa siku moja, familia ya kwanza italipa shilingi 2,250,000, na ya pili itabaki na 2,000,000 zake. Barabara isipofungwa, ya kwanza italipa 1,750,000 na ya pili 1,875,000. Tofauti ni shilingi 125,000. Hiyo ndiyo bei ya kuweza kumwambia dereva, mbele ya maji, kwamba leo hatuvuki.

Pili, kilomita. Mikataba mingi huweka kikomo cha kilomita kwa siku na kutoza kila kilomita ya ziada. Uliza hesabu inaanzia wapi. Toka Arusha, ambako magari haya hukodiwa sana, hadi Issuna kwa njia ya Babati na Singida ni karibu kilomita 400. Kikomo kikiwa kilomita 200 kwa siku, siku saba ni kilomita 1,400. Lakini kulileta gari Issuna ni 400, kwenda Karatu na kurudi ni 800, na kulirudisha Arusha ni 400. Jumla 1,600, kabla hujachepuka kutazama chochote. Familia iliyoko Issuna huenda ikaona ni nafuu kupanda basi hadi Arusha, kulichukua gari huko na kulirudisha huko huko.

Tatu, dhamana. Iandikwe ni kiasi gani, itarejeshwa baada ya siku ngapi, na kwa njia gani. Iandikwe pia kwamba makato yoyote yataambatana na maelezo na stakabadhi za matengenezo. Tope si uharibifu. Gharama ya kuosha gari, kama ipo, itajwe mapema.

Nne, njia zilizokatazwa. Mikataba mingine hukataza barabara zisizo za lami, au kuvuka maji. Mtaje mwenye gari majina ya mahali unapokwenda, na majina hayo yaingie kwenye mkataba. Ukikubali gari lisilopaswa kuacha lami, kisha ukakwama njia ya Mbulu, gharama zote za kukokotwa zitakuwa zako.

Tano, kuharibika njiani. Mkataba useme nani atapigiwa simu, atafika baada ya muda gani, nani atalipia fundi na gari la kukokota, na kama utapewa gari jingine au kurejeshewa siku zilizobaki.

Kwa kila malipo, pamoja na malipo ya awali, dai risiti ya kielektroniki. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kwa sababu tu umeona picha za gari mtandaoni. Jina la anayepokea fedha lilingane na jina lililo kwenye mkataba na kwenye kadi ya gari, au pawepo barua ya uwakilishi.

6. Bima

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hakuna gari linaloruhusiwa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, ile iitwayo bima ndogo. Bima hiyo hulipa madhara yaliyowapata wengine; gari ulilolikodi hailigusi. Kwa safari ya milimani gari liwe na bima kubwa, na msafiri aulize mambo manne: je, bima inaruhusu gari kukodishwa kwa kujiendesha, je, madereva wote watakaoshika usukani wanatambuliwa, je, inahusu mafuriko na maporomoko, na je, katika kila ajali ni kiasi gani ambacho bima hailipi, na nani atakibeba.

Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa kutumia namba ya gari au ya stika. Fanya hivyo mwenyewe; usitosheke na karatasi iliyobandikwa kiooni. Kumbuka pia kwamba dereva asiye na leseni ya daraja linalolingana na gari huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

7. Njiani

Injini hupungukiwa nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa injini isiyo na tabo, upungufu ni takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Panda kwa gia ndogo bila kulazimisha, ukitazama kipimo cha joto. Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Ingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ukiache injini kizuie mwendo wa gari, na breki uzikanyage kwa vipindi. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinaacha kushika. Kamwe usishuke gari likiwa huru bila gia kwa kutaka kuokoa mafuta.

Katika maeneo ya makazi yenye alama, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Barabara ya Issuna hadi Babati inapita minada, shule na mifugo mingi, na lami iliyolowa huongeza umbali wa kusimama.

Maji yanayopita juu ya barabara yasivukwe kwa kukisia. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 30, yanaweza kuelea na gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwemo makubwa. Gari la kambi, pamoja na urefu wake, lina ubavu mpana wa kusukumwa. Tena huwezi kujua kama barabara ingali ipo chini ya maji. Ngoja, mafuriko ya milimani mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Siku ya akiba uliinunua kwa ajili ya saa hizo.

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Aliyetoka Issuna akiwa na shuka moja atatetemeka kwenye kingo za Ngorongoro, zilizo juu ya mita 2,000. Baridi hiyo huwashawishi watu kuwasha jiko la gesi au la mkaa ndani ya hema au gari lililofungwa. Jambo hilo linaua. Moto huo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jiko litumike nje, na usiku mtungi wa gesi ufungwe. Baridi izuiwe kwa mablanketi na mavazi.

Lala katika maeneo ya kambi yanayotambuliwa. Ndani ya hifadhi fuata taratibu za mamlaka husika: za misitu kwa Mlima Hanang, na za Ngorongoro kwa kreta na kingo zake. Ukilazimika kulala kijijini, jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Ni adabu ya ugeni, na ndiye anayejua korongo gani hushusha maji. Dharura ikitokea, piga 112 kwa polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

8. Haki ikikiukwa

Ukirudi na kukuta dhamana imezuiliwa bila maelezo, au ikiwa gari ulilopewa silo ulilotangaziwa, andika barua ya malalamiko kwa mwenye gari kwanza. Ambatisha nakala ya mkataba, fomu ya makabidhiano, risiti na picha, na umpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Mgogoro ukiwa na kampuni ya bima, peleka shauri TIRA. Katika yote hayo, atakayesikilizwa kwa urahisi ni mwenye karatasi mkononi.

9. Muhtasari

Tazama mvua ya kule uendako pamoja na ya nyumbani. Panga mwendo mfupi, na kila kituo kiwe na kituo cha badala. Kagua gari mchana. Nunua siku ya akiba, na uhakikishe kwamba mkataba haukuadhibu kwa kungoja. Hakiki bima mwenyewe. Penye maji, ngoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mvua inayoanza Issuna inaweza kuwa inamalizika Katesh?
2. Soma tarakimu 4118 ubavuni mwa tairi. Lilitengenezwa lini?
3. Gari linakodishwa kwa shilingi 200,000 kwa siku, na kuchelewa hutozwa maradufu. Linganisha gharama ya kukodi kwa siku tano na kuchelewa siku moja, na gharama ya kukodi kwa siku sita.
4. Andika kifungu cha mkataba kinachohusu barabara kufungwa kwa mafuriko, kwa maneno yako mwenyewe. Kisha umsomee mtu mwingine wa nyumbani, na umwulize ameelewa kwamba nani atalipa nini.
5. Nani kati ya mtakaosafiri atakuwa na neno la mwisho la kusema gari lisivuke? Kubalianeni jina hilo kabla ya kuondoka.